Lutuku: Kinywaji na Msamiati Wake katika Maniema ya Kusini

Makala haya yanakusudia kueleza lutuku, kinywaji kikali cha Kasongo na Kabambare, pamoja na baadhi ya maneno yanayokizunguka. Pombe, kwa maana yake ya msingi, ni kile kilichochachuka. Lutuku ni kile kilichotolewa katika mvuke wa kilichochachuka. Wasemaji wa Kilingala hukiita lotoko. Jamaa zake ni chang'aa ya Kenya, waragi ya Uganda na gongo ya Tanzania, ambayo huitwa pia moshi, jina linalosadifu mno.

Malighafi ni mihogo na mahindi. Wanga wa mihogo hauchachuki wenyewe. Sharti kwanza ugeuzwe sukari. Kazi hiyo hufanywa na kimea, yaani mahindi yaliyoloweshwa yakachipua, yakaanikwa na kutwangwa. Uji wa mihogo wenye kimea huachwa siku kadhaa, kisha hutiwa katika pipa lililozibwa barabara na kuwekwa motoni. Kileo huchemka kwenye nyuzi 78 za selsiasi, maji kwenye 100. Kwa hiyo mvuke wa mwanzo hubeba kileo zaidi. Mvuke hupita katika mrija uliolazwa ndani ya maji baridi na kudondoka tone kwa tone. Huko Japani wapishi wa shochu hufika hapo kwa njia nyingine: badala ya kimea hutumia koji, ukungu unaooteshwa juu ya wali au shayiri iliyopikwa.

Matone hayo ndiyo yaliyowapa Waarabu jina araki, kutokana na neno lao la jasho. Waragi kwa kawaida husemwa kuwa ni "jini ya vita" ya Waingereza. Lakini araki ya askari wa Kisudani waliohamia Uganda yaelekea kuwa asili ya kuaminika zaidi.

Mkataba wa Saint-Germain wa 1919 ulikataza ukenekaji katika sehemu kubwa ya Afrika, Kongo ikiwamo. Baadaye majirani walifuata njia ya leseni: Uganda kwa Sheria ya Enguli ya 1965, Kenya kwa sheria ya 2010 iliyohalalisha chang'aa. Lutuku imebaki kupikwa uani, mara nyingi na akina mama, na fedha zake hulipa minervali ya watoto wa sekondari.

Hapa istilahi huwa jambo la uhai. Kamusi za sayansi zina kitenzi kukeneka. Mpishi husema kupika tu, kama apikavyo fufu. Onyo la afya lililoandikwa kwa kitenzi cha kamusi laweza kumpita kando. Nalo onyo lenyewe si dogo: methanoli, kileo kinachopofusha, huchemka mapema zaidi, kwenye nyuzi 65, na kumwaga matone ya kwanza huipunguza bila kuimaliza. Wapishi wengi hupima ukali kwa kiberiti; kikiwaka, ni kizuri. Lakini methanoli nayo huwaka, tena kwa mwali wa buluu ule ule.