Glovu Iliyochanika Huanzia Kwenye Zabuni

Niliwahi kubadili glovu mara tatu katika upasuaji mmoja, kwa kuwa kila jozi ilichanika vidoleni. Nilimlaumu mzabuni. Baadaye, nilipoteuliwa kuwa mjumbe wa kamati ya tathmini, nilitambua kwamba huenda kosa lilikuwa letu sisi watumiaji.

Hapa Tanzania, Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 inatenganisha majukumu. Idara yenye uhitaji huainisha mahitaji yake. Kamati ya tathmini huzipima zabuni na kutoa mapendekezo. Bodi ya zabuni huidhinisha tuzo. Katika ununuzi wa bidhaa, kwanza huangaliwa ukamilifu wa nyaraka, kisha sifa za kiufundi, na mwisho bei.

Jambo la kuzingatia ni hili: kamati hairuhusiwi kutumia kigezo kisichotajwa katika nyaraka za zabuni. Ikiwa tuliandika “glovu za upasuaji” pasipo kutaja unene na uimara wala kudai sampuli, glovu dhaifu yenye bei nafuu yaweza kushinda kihalali.

Kwa hiyo, daktari au muuguzi aletewapo fomu ya mahitaji asiijaze kwa haraka. Bidhaa ikipokelewa, ilinganishwe na mkataba, na isiyokidhi ikataliwe. Glovu ikichanika, iandikwe, ili zabuni ijayo isirudie kosa. Nawe mgonjwa, usisite kutoa taarifa uonapo kifaa kibovu. Usalama wako huanza kulindwa kabla hujafika kitandani.