Mjukuu wa Wiki 29

Mjukuu wangu alizaliwa wiki ya 29; mimba hutimia kuanzia ya 37. Jamaa wananiuliza mbona hajakaa kitako. Nawajibu: njiti umri wake huhesabiwa tangu siku aliyotarajiwa kuzaliwa. La kunitia hofu ni macho. Mishipa ya damu ndani ya jicho ikiota vibaya, mtoto huweza kupofuka, kwa hiyo kliniki haikoswi. Lakini kwenda huko kutoka kwetu Al Amerat, Oman, twashukia bonde la Wadi Adai, na mvua kubwa ikinyesha bonde hufurika.

Sheria ya kazi ya Oman ya 2023 humpa mama likizo ya uzazi ya siku 98, baba 7. Za mwanangu nyingi ziliishia wodini. Sasa yuko kazini. Anakamua maziwa, mimi nambeba mtoto kifuani, mkwe wangu anaendesha gari kwenda kliniki.