Mbona Rubani Hukataa Mzigo Saa Sita?

Kikundi kikishafyeka kiwanja cha ndege, kuna jambo moja huleta manung'uniko. Asubuhi rubani alibeba watu watatu. Saa sita anasema atabeba wawili, na magunia yabaki. Watu husema anaringa. Haringi, jamani. Anapiga hesabu ya mwendo na nguvu za injini, na hesabu hiyo tungependa muielewe.

Tuchukue Cessna 172, ndege ya viti vinne ambayo wengi hujifunzia urubani pale Wilson, Nairobi. Dereva wa matatu akitaka mbio hukanyaga mafuta, basi. Ndege si hivyo. Wakati wa kutua, rubani hurekebisha mwendo kwa kuinua ama kushusha pua, na kwa nguvu za injini huamua ndege ishuke haraka ama polepole. Akiona ataangukia vichakani kabla ya kufika kiwanjani, asivute pua juu tu. Akivuta bila kuongeza nguvu, mwendo hupungua, na ukipungua mno mabawa hushindwa kuibeba ndege. Tena kuna ajabu: ikishakwenda polepole kupita kiasi, ndege huhitaji nguvu nyingi zaidi, si kidogo, kwa kuwa imeinua pua na upepo unaikaba kifuani.

Kwa hivyo kila kazi ina mwendo wake, na umeandikwa katika kitabu cha ndege. Kwa Cessna 172 ya aina ya S, rubani huruka kwa nguvu zote. Kama kuna miti mbele hupanda kwa kama kilomita 115 kwa saa, apate kimo katika umbali mfupi. Mbele pakiwa peupe hupanda kwa kama 137, apate kimo kwa muda mfupi. Huko juu hupunguza nguvu, mara nyingi kati ya asilimia 55 na 75. Kwenye 75 atafika mapema, lakini mafuta nayo yatakwisha mapema. Kutua kiwanja kifupi ni kama 113.

Sasa tuje kwa saa sita. Hewa ya mahali pa juu ni nyepesi, na hewa yenye joto vilevile. Wilson iko karibu mita 1,690 juu ya bahari. Pale injini ya namna hii, hata ikifunguliwa yote, hutoa karibu sehemu nne tu kati ya tano za nguvu ambazo ingetoa Malindi. Saa ya mwendo nayo hupima msukumo wa hewa. Itasoma 113 Malindi na 113 Wilson, lakini Wilson magurudumu yatagusa ardhi kwa mbio zaidi, karibu sehemu moja ya kumi. Mbio zikizidi hivyo, umbali wa kusimama unazidi kama sehemu moja ya tano. Halafu joto likipanda digrii 10, ni kana kwamba kiwanja kimeinuliwa mita 350 hivi. Injini imechoka, ndege inahitaji kukimbia zaidi, na kiwanja ni kile kile. Kitu pekee ambacho rubani anaweza kupunguza ni uzito.

Upande wenu kuna kazi pia. Kitabu hicho kinasema nyasi kavu huongeza mwendo wa ardhini kwa asilimia 15 wakati wa kuruka, na asilimia 45 wakati wa kutua. Nyasi ndefu ama zilizolowa ni mbaya zaidi. Kwa hivyo fyekeni hadi ncha zote mbili, bomoeni vichuguu, na miti ya mwisho wa kiwanja ikatwe. Pimeni urefu kwa kamba, si kwa macho. Magunia yapimwe kwa mizani kabla ndege haijafika, rubani aambiwe kilo kamili, na mgonjwa ama mzigo mzito upangiwe safari ya asubuhi, kungali na ubaridi.