Mgeni, Mkazi na Mwenyeji: Dhana za Ujirani katika Mji wa Kale wa Lamu

Katika Kiswahili neno mgeni hubeba maana mbili: mtu asiyejulikana, na mtu aliyekaribishwa. Mkabala wake ni mwenyeji, neno lililojengwa kwa mwenye na shina lile lile la mji na kijiji. Kwa hiyo mwenyeji si mtu anayeishi mahali tu. Huyo ni mkazi. Mwenyeji ni yule ambaye mji ni wake naye ni wa mji, na kwa sababu hiyo ana haki ya kukaribisha. Tofauti hii ndiyo inayogombaniwa katika miji ya kale ya mwambao inayoishi kwa utalii, na Lamu ni mfano wake ulio wazi.

Ujio si jambo jipya Lamu. Mkomani, upande wa kaskazini, ulikuwa mtaa wa nyumba za mawe za waungwana. Langoni, upande wa kusini, walikaa katika nyumba za udongo na makuti watu waliotoka Hadhramaut, Ngazija, visiwa vya Wabajuni na bara. Miongoni mwa wageni hao alikuwa Habib Swaleh, sharifu aliyetoka Ngazija katika karne ya 19, akasomesha hata watumwa na wazao wao, watu ambao elimu ya dini ilikuwa haijawafikia kwa ukarimu. Maulidi yake yalisomwa kwa matari, jambo lililowaudhi baadhi ya wakubwa wa mji. Leo Msikiti wa Riyadha aliouanzisha ndio kitovu cha Maulidi ya Lamu, na UNESCO ilipoutia mji huo katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, sherehe za dini zilikuwa miongoni mwa mambo yaliyozingatiwa. Kilichokuwa cha mgeni kimekuwa urithi wa wenyeji, wala si kwa kupita kwa miaka pekee, bali kwa kusomesha watoto wa watu, kuoleana na kuzikana. Methali isemayo mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe aghalabu hufasiriwa kuwa ni ya kumchosha mgeni. Yafaa isomwe pia kwa upande wa pili: apewaye jembe amekwisha kuingizwa katika kazi ya mji.

Wageni wa aina nyingine, hasa kutoka Ulaya, walianza kufika katika miaka ya 1970, na baadhi yao wakanunua nyumba Lamu na katika kijiji jirani cha Shela. Ili kuelewa kilichouzwa hapo, budi nyumba yenyewe ielezwe. Mtu huingilia daka, penye mabaraza ambapo wanaume huzungumza bila ya kuingia ndani. Hupita tekani, ukumbi uliopindwa ili jicho la mpita njia lisifike mbali. Ndipo hufika kiwandani, uani penye anga wazi, na nyuma yake misana na ndani, penye zidaka. Juu ya kichochoro huenda pakawa na wikio, chumba kilichounganisha nyumba mbili za ndugu, ili wanawake watembeleane pasipo kushuka njiani. Kila kiungo cha nyumba hiyo kinadhania kuwapo kwa jirani. Mwenye nyumba mpya, ambaye hana ndugu ng'ambo ya kichochoro, wikio kwake ni chumba cha ziada. Huongeza ghorofa ya makuti juu ya dari ili apate upepo wa bahari, na kutoka hapo huona kiwanda cha jirani yake, mahali ambapo mama wa nyumba hiyo hukaa bila ya buibui.

Haifai, hata hivyo, kumtwika mnunuzi lawama yote. Marufuku ya mwaka 1982 ya kusafirisha nje boriti za mikoko ilikata riziki ya wengi. Nyumba iliyorithiwa na watu ishirini, kila mmoja na fungu lake la mirathi, haina wa kuikarabati. Kuiuza na kugawana fedha huwa ndiyo njia pekee isiyozua ugomvi. Nyumba kadha zilizokuwa magofu zimesimama tena kwa fedha za wageni, na mafundi wa chokaa na wachongaji wa milango wamepata kazi na wanafunzi. Bali katika mabadilishano hayo kazi ya kukaribisha imehama. Aliyezaliwa katika nyumba hurudi kuwa mpishi au mlinzi wake, na hodi ya mtalii huitikia karibu kwa niaba ya mtu aliye ng'ambo. Waswahili wakisema mgeni njoo, mwenyeji apone, ni vigumu hapo kujua anayepona ni nani.

Sheria haigusi jambo hili. Hifadhi iliyotangazwa na serikali mwaka 1986 huangalia kuta, milango na mapambo. Haisemi ni nani alale humo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 65, humruhusu asiye raia kukodi ardhi kwa muda usiozidi miaka 99, lakini haimwekei wajibu wowote wa ujirani. Na wapo wageni wasiotajwa sana katika mijadala ya urithi: maseremala, wahudumu na wachuuzi waliotoka bara, ambao hupanga vyumba pembezoni mwa mji, wakawazaa watoto wao hapo na kuwasomesha hapo, nao bado huitwa watu wa bara.