Gari Likichuchumaa Nyuma, Usikimbilie Shoki

Simama pale Makutano, Meru, uangalie Probox zikipita. Pua juu, matako chini, kama kuku anayetaga. Zenye mizigo ya miraa au ndizi, sawa, zina sababu. Lakini kuna zile ziko tupu na bado zimekaa hivyo. Kama yako ni moja yazo, soma polepole.

Ukienda kwa fundi, mara nyingi jibu la kwanza ni, "Shoki zimekufa, leta pesa." Hapo ndipo wasee huliwa. Kwa magari haya, shoki haibebi uzito. Kazi yake ni kutuliza mrusho. Mbebaji ni springi. Unaweza kufunga shoki mpya kabisa na gari lirudi nyumbani likiwa limechuchumaa vilevile.

Kwa hivyo pima kwanza. Toa mizigo, weka upepo sawa kwenye tairi, egesha mahali tambarare. Chukua tepu, pima kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa bodi, kushoto na kulia. Upande mmoja ukiwa chini wazi kuliko mwenzake, shuku springi iliyovunjika. Zote zikiwa chini, zimechoka. Linganisha na Probox ya mtu ambayo haijawahi kuona miraa, kama utaipata. Kisha kandamiza nyuma ya gari, uachilie. Likiendelea kunesa, basi shoki nazo zina kesi.

Sasa chungulia chini, gari likiwa kwenye stendi, si jeki peke yake. Koili ya Probox huweza kukatika kwenye ncha, ndani ya kikalio chake, mahali matope hujificha. Pikapu kama Hilux za zamani zina springi za mabamba: tafuta bamba lililopasuka, au yaliyonyooka hadi yakapinda upande mwingine.

Dawa ni springi nzima, mbili kwa pamoja. Kuna watakaokuambia koili ipashwe moto halafu ivutwe. Kataa kabisa. Ugumu wa chuma hicho ulipimwa kiwandani. Ukikichoma na gesi, kitalala tena au kikatike. Speisa za raba nazo zinainua gari, ndiyo, lakini koili iliyochoka inabaki imechoka.

Na si mambo ya sura tu. Ukitoka Nkubu kwenda Embu usiku, taa za gari lililochuchumaa zinammulika machoni dereva anayekuja, kwenye kona na miteremko ileile ya daraja la Nithi ambako basi lilitumbukia Julai 2022 na zaidi ya watu 30 wakafa. Tena baadhi ya pikapu zina valvu inayosoma umbali kati ya ekseli na bodi ili kuamua breki za nyuma zipate nguvu kiasi gani. Springi zikilala, valvu inadhani umebeba hata ukiwa mtupu, na tairi za nyuma zinaweza kufunga ghafla barabara ikiwa na maji. Ukiinua gari kwa speisa halafu upakie, kosa linageuka: breki za nyuma zinapata nguvu kidogo kuliko zinavyohitaji.

Kwa hivyo ukishafunga springi mpya, mwambie fundi arekebishe hiyo valvu na taa. Halafu bolti za bushi zikazwe mwisho, gari likiwa limesimama kwa tairi zake. Zikikazwa likining'inia, bushi zinajisokota na hazitakaa.