Kujaziwa Mafuta Kuzunguka Macho

Kadiri umri unavyosonga, mafuta yaliyo chini ya ngozi ya uso hupungua, na chini ya macho hujitokeza bonde linalompa mtu sura ya uchovu hata akiwa amelala vya kutosha. Zamani upasuaji wa kope ulijikita katika kukata ngozi na kuondoa mafuta yaliyotuna, na baadhi ya wagonjwa walibaki na macho yaliyozama. Siku hizi madaktari wengi huyahifadhi mafuta hayo. Palipopungua hujazia mafuta yaliyovutwa kwa bomba jembamba kutoka tumboni au pajani mwa mgonjwa mwenyewe, yakasafishwa, kisha yakadungwa kidogo kidogo.

Kwa kuwa mafuta ni ya mtu mwenyewe, mwili hauyakatai. Hilo ni kweli, lakini halitoshi kumtuliza mtumiaji wa huduma. Sehemu ya mafuta hunyonywa na mwili katika miezi ya mwanzo, na hakuna daktari awezaye kuahidi kiasi kitakachosalia. Ngozi ya kope ni nyembamba mno. Kinundu ambacho shavuni kisingeonekana, hapo huonekana kama punje ya mtama. Vijazio vya asidi ya hayaluroniki vina dawa ya kuviyeyusha, ilhali mafuta hayana, na kuyapunguza huenda kukahitaji upasuaji mwingine.

Hatari iliyo kubwa kuliko zote hutokea kwa nadra. Mishipa ya damu ya paji la uso, pua na kope imeungana na mshipa unaolisha jicho. Mafuta yakiingia ndani ya mshipa kwa msukumo mkubwa, yanaweza kurudi nyuma hadi kwenye retina na kusababisha upofu, ambao mara nyingi hauponi. Yakifika kwenye ubongo, huleta kiharusi.

Dawa huwa na lebo na namba ya toleo. Mafuta ya mwili hayana, hivyo cha kuhakikiwa ni mtu na mahali. Uliza kama daktari amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika na kama leseni yake ni hai, na uombe kuona lebo ya dawa ya ganzi. Saluni, hata ikipambwa vipi, si chumba cha upasuaji. Wanja ukikosewa hufutwa.

Mkazi wa Tanga, Pangani au Mkinga anayefuata huduma Dar es Salaam, umbali wa kilomita zipatazo 350, apange mapema nani atamwangalia akirudi. Maumivu makali ya ghafla, giza jichoni, kope kuanguka au ngozi kugeuka nyeupe au zambarau ni dharura: aende papo hapo hospitali iliyo karibu, kwa mjini Tanga ni Bombo, bila kungoja asubuhi.

Madhara ya dawa au kifaa tiba yaripotiwe kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), moja kwa moja au kupitia kituo cha afya; tunza boksi lenye namba ya toleo. Malalamiko kuhusu mwenendo wa daktari hupelekwa kwa Baraza.