Weupe katika Mboni ya Jicho la Mtoto: Mambo Anayopaswa Kuyajua Mzazi

Mboni ya jicho lenye afya huonekana nyeusi. Picha inapopigwa gizani kwa taa ya kamera, mboni zote mbili huweza kung'aa kwa rangi nyekundu, kwa kuwa mwanga hurudishwa na sehemu ya nyuma ya jicho yenye mishipa mingi ya damu. Iwapo mboni moja ni nyekundu na nyingine ni nyeupe au ya manjano, mzazi asilipuuze jambo hilo. Wakati mwingine weupe huo hutokana tu na pembe ya kamera. Hata hivyo, uamuzi huo ni wa mtaalamu, si wa jamaa wala wa muuza dawa.

Sababu mbili za kuharakia

Ya kwanza ni mtoto wa jicho, yaani ukungu katika lenzi. Watu wengi huudhani kuwa ni ugonjwa wa wazee pekee, ilhali mtoto huweza kuzaliwa nao. Ubongo wa mtoto hujifunza kuona katika miezi ya mwanzo ya uhai. Jicho lililozibwa wakati huo huweza kubaki na uoni hafifu hata likifanyiwa upasuaji baadaye. Ndiyo maana ukungu mzito wa kuzaliwa nao hupaswa kuondolewa katika wiki za mwanzo, na baada ya hapo mtoto huhitaji miwani na ufuatiliaji wa miaka mingi.

Ya pili ni retinoblastoma, saratani ya retina. Humpata takriban mtoto 1 kati ya 15,000 hadi 20,000 wanaozaliwa hai, na wengi wao hugunduliwa kabla ya kutimiza miaka 5. Dalili yake nyingine kuu ni makengeza. Mwanzoni haiumi, na mtoto anayeona kwa jicho la pili huendelea kucheza kama kawaida. Kwa hiyo, kauli ya kwamba “mtoto halalamiki, tusubiri akue” ni ya hatari.

Uchunguzi

Daktari humulika mboni, huweka matone ya kuitanua, kisha hutazama retina. Mtoto mdogo huweza kupewa nusukaputi ili achunguzwe kwa utulivu. Kipimo cha mawimbi ya sauti huonyesha uvimbe ulio ndani ya jicho. Kwa kawaida daktari hachukui kinyama kwa sindano, kwa kuwa kulitoboa jicho huweza kuisambaza saratani. Ndugu wa mtoto nao wachunguzwe, hasa macho yote mawili yanapougua, kwa sababu aina hiyo huweza kurithiwa.

Tiba

Uvimbe mdogo hutibiwa kwa mionzi ya leza, kwa kugandishwa kwa baridi kali, au kwa dawa za saratani. Uvimbe mkubwa huweza kulazimu jicho kuondolewa. Hapa ndipo wazazi wengi huondoka hospitalini wasirudi, na huzuni yao yaeleweka. Lakini mara nyingi jicho hilo huwa limekwisha kupofuka, na saratani ikiachwa hupitia mshipa wa fahamu wa jicho hadi kwenye ubongo. Kinachookolewa kwa upasuaji huo ni uhai. Kidonda kikipona, mtoto huwekewa jicho la bandia, naye husoma na kucheza na wenzake. Katika nchi ambako ugonjwa hugunduliwa mapema na tiba hukamilishwa, zaidi ya watoto 9 kati ya 10 hupona.

Haki na tahadhari

Anza katika kituo cha afya kilicho karibu, uonyeshe picha uliyoipiga, na uombe barua ya rufaa. Nchini Tanzania, hospitali kama Muhimbili jijini Dar es Salaam na KCMC mjini Moshi zina madaktari bingwa wa macho. Kabla ya kutia saini ya ridhaa, uliza:

1. Ugonjwa huu unaitwaje, na umefikia hatua gani?
2. Kuna tiba zipi, na ni nini kitakachotokea tukichelewa?
3. Gharama zote ni kiasi gani, na bima au ofisi ya ustawi wa jamii hospitalini itasaidia nini?
4. Mtoto arudi lini, na kwa muda gani?

Una haki ya kujibiwa kwa lugha unayoifahamu, kupewa stakabadhi ya kila malipo, na kutafuta maoni ya daktari mwingine, mradi hilo lisicheleweshe tiba.

Usinunue matone ya macho bila cheti cha daktari: yenye steroidi, yakitumiwa ovyo, huweza kuongeza shinikizo la jicho na hata kusababisha mtoto wa jicho. Usimtie mtoto maziwa, mkojo wala maji ya majani machoni, kwani hivyo huweza kuleta vidonda na makovu yanayopofusha. Anayekuahidi kuyeyusha weupe huo kwa dawa ya kupaka anakupotezea fedha, na zaidi ya fedha, wiki ambazo mtoto wako hana za kupoteza.